Ramadhani 18: Koki Uliyoiacha Wazi



Ndugu zangu waumini. Leo tuzungumzie ule uwanja wetu wa ukoka hapo katikati ya mtaa. Ndiyo, nyasi. Msishangae, mtaona tunakokwenda.

Uwanja ule si wa mtu mmoja. Tulichanga, tukachimba kisima, tukafunga pampu, tukapitisha mabomba chini ya ardhi na vinyunyizio vyake kuanzia getini mpaka ukuta wa mwisho. Watoto wetu wanacheza pale baada ya Alasiri. Ijumaa tunafuturu pale kwa pamoja. Na inshaAllah swala ya Idi tutaiswali pale pale.

Sasa nenda kautazame leo. Upande wa getini dimbwi na mbu, upande wa ukutani vumbi tupu. Bomba likivuja mwanzoni, nguvu ya maji inaishia njiani, na vinyunyizio vya mwisho vinadondosha matone tu. Vingine vimeziba chumvi na mchanga kwa sababu hakuna anayesafisha chujio. Usiku koki inaachwa wazi mpaka Alfajiri, umeme wa pampu unaisha, na jirani wa mwisho hana zamu. Ukiuliza, jibu ni moja: "Si kuna kamati?"

Ndugu zangu, Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mshirika ana haki, lakini pia ana mzigo wake wa kubeba. Na Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr (r.a.) na jirani yake wa Kiansari, waliogombana juu ya maji ya mfereji wa Harra, Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, maji yanaanzia kwake. Mtume alimwambia anyweshe mitende yake, kisha awaachie maji yaende kwa jirani. Tazameni: Mtume wa Allah anakaa kuamua zamu ya kumwagilia! Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo ya koki na bomba si dini.

Lakini ngoja niseme la kwangu, maana hii darsa naanza kujipa mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, usiku baada ya Tarawehe, nilikuwa narudisha gari nyuma, nikasikia kitu kimevunjika. Nikashuka, nikakuta kinyunyizio kimepasuka. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna mtu. Nikaingia ndani nikalala. Baada ya siku mbili kikao kikamkata fedha kijana aliyekuwa anamwagilia, eti kakivunja kwa mashine ya kukatia majani. Nilikuwepo pale. Nilinyamaza. Na mchana huo nilikuwa nimefunga!

Hapo ndipo nilipojiona. Saa tisa mchana, niko peke yangu jikoni, maji baridi yapo, kiu imenishika, hakuna anayeniona, na sinywi. Kwa nini? Kwa sababu Allah ananiona. Basi ni Allah gani huyo anayeniona kwenye friji, asinione nyuma ya gari langu?

Ilinichukua wiki nzima. Nilipokuja kusema, kijana alishaacha kazi. Nikamtafuta, nikamrudishia fedha yake, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Shekhe, hela si neno. Kilichoniuma ni watu kuniita mzembe." Ikabidi nisimame mbele ya majirani nimsafishe jina, kama lilivyochafuliwa mbele yao.

Haki ya Allah, Yeye ni Msamehevu. Haki ya mja unamrudishia mwenyewe au yeye akusamehe, hata ukikesha mwezi mzima. Na ukilipa ulichokiharibu, usikiite sadaka. Hilo ni deni.

KAZI YA LEO:

1. Ukivunja, sema. Leo, si baada ya Idi.
2. Zamu yako ikiisha, funga koki kwa mkono wako, kisha mjulishe jirani anayefuata.
3. Maji tufungue baada ya Alfajiri, si mchana wa jua kali yakapotea bure.
4. Mchango uliokuwa unaudaiwa, utoe. Asiye na kitu ana mikono: Jumamosi baada ya Alfajiri tunasafisha chujio na kuziba bomba la getini. Njoo na jembe.
5. Kama mmenuniana kwa ajili ya zamu ya maji, wewe uliyesoma hapa ndiye uanze salamu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu tukiwa peke yetu kama tunavyokuwa mbele za watu. Tusamehe tuliyoyaficha, na utupe ujasiri wa kuwarudishia watu haki zao kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Utukutanishe siku ya Idi kwenye ukoka wa kijani, nyoyo zikiwa safi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na jirani yako.