Zakayo Alikuwa Mfupi. Je, Kila Mtoto Mfupi Ndivyo Mungu Alivyopanga?



Huku kwetu Newala mtoto akiwa mfupi kuliko umri wake, wenzake watamwita andunje. Wazee watasema, "Mwacheni, ndivyo Mungu alivyomuumba." La kwanza ni dhambi, halina mjadala. La pili linasikika kama imani, na ndilo linalonisumbua.

Wapo watoto ambao kweli ndivyo walivyo: wazazi wao ni wafupi, au mifupa yao imekuwa hivyo tangu tumboni. Zakayo alikuwa mfupi, akapanda mkuyu, na Yesu hakumrefusha. Alimwita kwa jina, akaenda kushinda kwake. Hapo nasema amina.

Ila udumavu ni kitu kingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa 2015/16 ulikuta 34. Sasa kama ni mpango wa Mungu, alibadili mawazo? Mtoto hudumaa hasa kuanzia mimba mpaka miaka miwili: mama hali vizuri, mtoto anapewa uji mwepesi wa muhogo asubuhi na jioni, anaharisha mara kwa mara, na kwenye Uwanda huu wa Makonde maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu. Na si njaa tu jamani. Iringa kunalimwa mahindi tele, lakini zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Sisi korosho zikiuzwa tunawaza pikipiki kwanza, na mayai ya kuku wetu tunayapeleka sokoni.

Ugumu uko hapa: miaka miwili ikishapita, kimo kilichopotea ni vigumu kurudi. Tukipiga kelele kwamba udumavu ni balaa, yule binti mfupi wa darasa la tano atasikia kwamba balaa ni yeye. Mimi naona udumavu ni deni letu kwake, si kasoro yake. Luka anasema Yesu alikua kwa hekima na kimo. Maana yake kuna watu walimlisha, Maria na Yosefu, siku kwa siku.

Jumuiya ikienda kumwona mzazi tunabeba sabuni na kitenge, tunasali, tunapiga picha na kichanga. Bado sijasikia mtu akiuliza mama huyo leo amekula nini, na nani anamchotea maji.