Kushusha Bei ya Nyumba: Haki ya Mnunuzi na Mipaka Yake

Bei anayoitaja mwenye nyumba mara nyingi ni ya kuanzia. Madalali wa Dar es Salaam hawafichi jambo hilo: wakishataja milioni 85 huongeza "maongezi yapo", na pande zote mbili zinaelewa kwamba kiasi cha mwisho kitakuwa kingine. Ndiyo maana mnunuzi anayetoa milioni 70 hajamdhulumu mtu. Hajatamka kwamba nyumba ina thamani hiyo. Amesema kiasi alicho tayari kutoa, na muuzaji ana uhuru wa kukataa. Mwanatheolojia Thomas Aquinas, aliyeandika katika karne ya 13, alikubali kwamba bei ya haki hukadiriwa tu, na kupungua au kuzidi kidogo hakuiondoi haki.

Swali la dhamiri huanza pale mnunuzi anapotoa sababu. Anakwaruza ukuta kwa kucha, chokaa iliyoliwa na chumvi inamwagika sakafuni, naye anasema nyumba inahitaji kupigwa plasta upya. Hilo ni kweli, na muuzaji anapaswa kulisikia. Lakini akisema msingi umetitia ilhali fundi wake amemhakikishia kuwa uko imara, anachukua fedha ya mwenzake kwa uongo. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamjua vizuri mnunuzi wa namna hii, anayeponda kitu mbele ya mwenyewe kisha akajisifu akishaondoka nacho. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeapa kwamba hana zaidi ya milioni 70 na huku ameshapanga kufika 80. Kunyamaza kuhusu kikomo chake kunaruhusiwa, kwa kuwa hajamwahidi mtu kukitaja. Kuapia kikomo cha uongo ni jambo jingine kabisa.

Katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume Muhammad, kuna kisa kinachohusu nyumba hasa. Abu Rafi alikuwa na nyumba mbili ndani ya eneo la sahaba mwenzake, Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad azinunue. Saad akasema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi alikuwa ameshapewa ahadi ya dinari 500 na mtu mwingine, kiasi kikubwa zaidi. Akamuuzia Saad hata hivyo, akieleza kwamba amemsikia Mtume akisema jirani ana haki zaidi kwa sababu ya ukaribu wake. Ofa ilikuwa ya chini, na hakuna aliyedhulumiwa. Saad alisema kikomo chake waziwazi na hakuiponda mali. Muuzaji naye alikuwa na mnunuzi mwingine, akakubali hasara kwa hiari, kwa sababu ya jambo aliloliona bora kuliko fedha.

Uhuru huo ndio unaokosekana kwa anayeuza akiwa amebanwa. Mtu mwenye mgonjwa hospitalini, au mwenye deni linalokaribia kumfikisha kwenye mnada, husema "ndiyo" kwa sababu "hapana" haimo tena mikononi mwake. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, waliiita biashara hiyo mauzo ya aliyelazimika. Wengi waliona kwamba mkataba wenyewe unasimama, ila inachukiza kununua mali ya mtu kwa bei ya kutupa wakati anastahili kukopeshwa au kungojewa. Sheria ya Kirumi ilitumia kipimo cha nambari: aliyeuza ardhi chini ya nusu ya thamani yake aliweza kuirudisha, isipokuwa mnunuzi akiongeza kilichopungua. Kipimo hicho kinamwokoa aliyepunjwa sana tu. Aliyebanwa akauza kwa theluthi mbili hakimfikii. Hapa mnunuzi anabaki na dhamiri yake, naye akijua shida ya mwenzake asiitumie kama nyundo.

Wapo wanunuzi waliokwenda mbali zaidi. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mwanasheria Quintus Scaevola alitajiwa bei ya shamba, akaona ni ndogo kuliko thamani yake, akaongeza sesterti 100,000. Hilo ni ukarimu, na ukarimu haudaiwi na mtu.

Bei ikishakubaliwa, mambo yanabadilika. Hadithi iliyopokewa na Hakim bin Hizam inawapa wanaouziana hiari ya kujitoa mpaka watengane, na inaahidi baraka kwa wanaosema kweli na kubainisha. Nyingine inamkataza mtu kuingilia bei ambayo nduguye ameshaifikia na muuzaji. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haiutekelezi mkataba wa kuuza haki ya ardhi mpaka uwe kwa maandishi, kwa hiyo kati ya kupeana mikono na kutia sahihi kwa mwanasheria hupita siku ambazo mahakama haina la kushika. Katika siku hizo mnunuzi aliyegundua ufa uliofichwa nyuma ya kabati ana haki ya kurudi na kuomba apunguziwe. Anayerudi kwa sababu tu amesikia kwamba muuzaji ameshalipia kiwanja kingine na hawezi tena kurudi nyuma, hana haki hiyo.