Dalili na Dalali: Fikra Kutoka Masoko ya Fes

Wahenga husema kwamba mgeni ni kipofu ijapokuwa ana macho. Kwa sababu hiyo mgeni huhitaji mtu wa kumshika mkono. Swali ninalotaka kulijadili katika makala haya ni hili: je, yule anayemshika mgeni mkono anaweza kuwatumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja, yaani mgeni mwenyewe, na mwenye duka ambako mgeni anapelekwa? Na iwapo anaweza, ana wajibu gani wa kumjulisha mgeni kwamba mabwana ni wawili? Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo la watalii na wenye fedha, wala halituhusu sisi walimu wa lugha. Namwomba avumilie kidogo. Nami nililiona hivyo, mpaka liliponirudia nyumbani.

Nilijaliwa kufika Moroko kwa ajili ya mkutano wa walimu wa lugha. Mkutano ulipokwisha, wenzangu wawili nami tulibaki siku mbili mjini Fes. Tukaafikiana kumwajiri kiongozi wa wageni, mwenye kibali cha serikali, atutembeze asubuhi nzima katika masoko ya mji wa kale na kutusaidia kununua zawadi za kupeleka nyumbani Uganda. Alitaja ada yake. Sisi, kama ilivyo desturi ya wasafiri, tukaomba atupunguzie, naye akapunguza robo nzima. Tukafurahi kwa ushindi ule mdogo. Ushindi huo nitaurudia hapo mbele.

Kiongozi hakuwa anasa. Mji wa kale wa Fes ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 8, zama za watawala wa nasaba ya Idris, na tangu 1981 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani yake mna maelfu ya vichochoro, vingine vyembamba hata watu wawili hawapishani ila mmoja ageuke ubavu. Magari hayaingii humo. Mizigo huchukuliwa kwa punda, nyumbu na mikokoteni, na mpita njia akisikia ukelele wa mwenye mnyama nyuma yake hujibana ukutani upesi. Kila kazi ina mahali pake: wauza viungo na manukato wako Attarin, maseremala wako Najjarin, na wafua shaba wako katika uwanja wa Saffarin, ambako mlio wa nyundo huanza kusikika kabla mtu hajawaona wafuaji wenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kupita humo asiukumbuke msamiati wake. Soko, duka, bei, bidhaa, mizani, amana: yote hayo yalitufikia kwa njia ya Kiarabu, ingawa si kwa njia ya Moroko. Hata lile jina Saffarin ni la shina moja na sufuria zetu za jikoni. Kiongozi wetu, mtu wa makamo, mpole, aliyeijua vema historia ya mji wake, alifurahi kusikia maneno hayo kinywani mwetu, akawa ananiita “Ustadhi”. Nikamwona kuwa rafiki.

Karibu na adhuhuri alitupeleka mahali panapotengenezwa ngozi, pale Chouara. Mgeni hupapata kwa kupanda ngazi za duka la ngozi mpaka barazani juu, naye hupewa tawi la nanaa alinuse ili kuikinga pua. Chini yake huona mabirika mengi ya duara: katika mengine ngozi hulowekwa kwa chokaa na kinyesi cha njiwa ili zilainike, na katika mengine hutiwa rangi, huku mafundi wamesimama ndani hadi mapajani. Ni kazi ngumu kweli kweli, na aliyeiona hawezi tena kusema kwamba kitu cha ngozi ni ghali bila kufikiri mara mbili.

Tuliposhuka, duka lilikuwa likitungojea. Nilipenda mkoba mmoja wa kuwekea vitabu. Mwenye duka alitaja dirhamu 900, nami nikataja 300. Akacheka, akaagiza chai, akaapa kwamba kwa bei hiyo watoto wake watalala njaa. Nami nikasema kwamba mshahara wa mwalimu hauijui 900. Tulipokuwa tumekwama, kiongozi akaninong'oneza sikioni: “Ustadhi, ngozi hii ni nzuri sana. Ukiupata kwa 500 hutajuta.” Nikatoa 500, nikatoka nimeridhika.

Kesho yake nilitembea peke yangu. Katika kichochoro kingine nikauona mkoba wa namna ile ile, ngozi ile ile, mshono ule ule. Muuzaji alianza na 300, tukapatana kwa 240, nikamnunulia mwenzangu mmoja aliyekuwa ameniagiza. Jioni kiongozi alipokuja kutuaga, nilimweleza yaliyonipata. Hakukana. Alisema: “Ustadhi, ada mliyonipa ni ya asubuhi moja, na zipo siku nyingi ambazo sipati mgeni. Lile duka hunipa fungu langu kwa kila kinachouzwa. Mji mzima unajua.” Nikamwambia, “Mimi sikujua.” Akanijibu kwa upole, bila dhihaka: “Hukuniuliza.”

Jibu hilo limenisumbua kuliko zile dirhamu. Tulipime basi.

Kwanza tuutenge uamuzi wa bei. Wako wanaodai kwamba kubishania bei ni kusema uongo tu, kwa kuwa muuzaji huapa kwamba hapati faida na mnunuzi huapa kwamba hana fedha. Sikubaliani nao. Maneno yale yanafanana na majibizano ya washairi: kila mmoja anaijua kanuni, kila mmoja anajua kwamba mwenzake anatia chumvi, wala hakuna aliyedanganywa. Muuzaji alisimama upande wake wa meza, nami upande wangu. Mimi na yeye tulikuwa wapinzani wanaojuana, na nikishindwa mapambano hayo kosa ni langu.

Ule mnong'ono ulikuwa wa namna nyingine. Ulitoka upande wangu wa meza. Nguvu yake haikutokana na hoja yoyote kuhusu ngozi, ilitokana na kule kumwamini kwangu aliyenong'ona. Kwa hiyo pale dukani viliuzwa vitu viwili, mkoba na imani yangu, na bei ya hicho cha pili hakuna aliyenitajia.

Hapa lugha yenyewe ina la kutufundisha. Tuna neno dalili, yaani ishara inayomwonyesha mtu njia au ukweli. Tuna pia neno dalali, mtu anayewaunganisha muuzaji na mnunuzi na kupata ujira kwa kazi hiyo. Maneno haya mawili ni watoto wa shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuonyesha au kuongoza, na katika Kiarabu kiongozi wa njia huweza kuitwa dalil. Tofauti yao kwetu ni irabu moja. Lakini anayeitwa dalili huonyesha njia kwa ajili ya anayeifuata, na dalali huonyesha njia kwa ajili ya mauzo. Zote mbili ni kazi za halali. Katika masoko ya Moroko dalali wa mnada huzunguka na ngozi au zulia akitangaza bei iliyofikiwa, na kila aliyehudhuria anajua kwamba analo fungu lake. Hamdanganyi mtu. Ubaya huanza pale dalali anapovaa kanzu ya dalili.

Watu wa kale hawakulipuuza jambo hili. Sheria ya biashara ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyoyalea masoko kama yale ya Fes, iliwakataza watu wa mjini kutoka nje na kuulaki msafara njiani ili wanunue mali kabla wenyewe hawajajua bei ya sokoni. Aliyeuza kwa namna hiyo alipewa hiari ya kuvunja mapatano akishafika sokoni. Tuangalie vizuri: hakulazimishwa, wala hakuambiwa uongo. Tatizo lilikuwa kwamba mmoja alijua na mwingine hakujua. Moroko ilikuwa pia na muhtasibu, ofisa wa kuangalia bei, mizani na uaminifu wa mafundi, na kazi hiyo ilipewa sheria mpya mwaka 1982. Na mkuu wa kila kundi la mafundi aliitwa amin, yaani mwaminifu. Walijua kwamba soko bila amana ni unyang'anyi wenye adabu.

Upo ushahidi mwingine, na huo unatuhusu watu wa Afrika ya Mashariki. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier mwaka 1304, alipita katika pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Habari za safari zake ziliandikwa mjini Fes kwa amri ya sultani wa huko, na kazi ikamalizika mwaka 1355. Akieleza Mogadishu, anasimulia kwamba kila mfanyabiashara mgeni alichukuliwa na mwenyeji mmoja, akawa mgeni wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kupunja, au akimuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Bila shaka wenyeji wale nao walipata faida yao, na hawakuwa malaika. Lakini mji ule ulikuwa umekata shauri: mwenyeji akishamchukua mgeni, amesimama upande wa mgeni, na soko zima linajua hivyo.

Sasa tumsikilize kiongozi wetu, kwani naye ana haki ya kutetewa. Aweza kusema kwamba sikulazimishwa. Ni kweli, lakini tumekwisha kuona kwamba kutolazimishwa hakutoshi. Aweza kusema kwamba mgeni aliyepanda ndege ana uwezo kuliko yeye. Huenda, lakini sadaka hutolewa na mwenyewe, haichukuliwi kwa mnong'ono. Aweza kusema kwamba ana watoto. Hapo nanyamaza, maana nakumbuka ile robo ya ada tuliyompunguzia na tukafurahi. Sisi ndio tuliomlipa pungufu, kisha tukashangaa kwamba amejitafutia bwana wa pili. Anayetaka dalili mwaminifu ampe ujira wa dalili. Kwa fungu hilo la kosa, mimi ni mshirika wake.

Lakini lile neno “hukuniuliza” siwezi kulikubali, na sababu yake ni chungu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mkuu wa idara ya lugha katika shule moja, nilipewa kazi ya kuchagua kitabu cha sarufi. Wakala wa muuza vitabu mmoja alinitembelea mara mbili. Nilichagua kitabu chake, na baada ya wazazi kulipa, aliniletea bahasha akiiita “asante”. Nikaipokea. Kitabu kile hakikuwa kibaya. Kilikuwapo kingine cha bei nafuu, kizuri sawasawa. Siku ya wazazi mama mmoja, muuza ndizi, alikishika kitabu mkononi akaniuliza: “Mwalimu, hiki ndicho kinachofaa?” Nikamjibu, “Ndiyo, Mama, ndicho.” Hakuniuliza zaidi. Angeniuliza nini? Hakuwa na macho ya kuona pa kuuliza. Ndiyo maana aliniuliza mimi.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali langu. Wajibu wa kusema ni wa yule anayejua. Asiyejua hawezi kubebeshwa mzigo wa kuuliza jambo ambalo hajui kwamba lipo. Kiongozi aweza kupokea fungu la duka bila kosa, ikiwa atasema kabla ya kuingia: “Duka hili hunipa kitu, na yapo mengine yasiyonipa. Tuingie au tupite?” Maneno hayo machache yangemgeuza tena kuwa mwaminifu, na huenda mgeni angeingia vilevile. Na mwalimu naye, kila anapopendekeza kitabu, masomo ya ziada au shule ya kuendelea, ajiulize: je, ningependekeza hivi kama mzazi angejua yote ninayoyajua?

Niliporudi nyumbani nilimweleza mkuu wa shule habari ya bahasha. Wazazi wengi wa wakati ule hawapo tena shuleni, na yule mama sijamwona. Mwaka huu nilipoombwa tena kuchagua vitabu, nilitangaza mbele ya kikao ni nani amenitembelea na ameniahidi nini, kisha nikaomba mwenzangu mwingine achague pamoja nami. Sidai kwamba nimelipa deni lote. Wako wenzangu wanaoona kwamba nimelikuza jambo dogo, kwa kuwa mishahara yetu ni midogo na bahasha ni desturi. Ningependa wayaandike mawazo yao katika kurasa hizi, tujibizane kwa uwazi.