Mwenye Kalibu na Wenye Stoo

Novemba 2016 kampuni ya Nintendo ya Japani ilirudisha sokoni mashine yake ya gemu ya miaka ya 1980, safari hii ikiwa ndogo ya kuenea kiganjani, na gemu 30 zimo ndani tayari. Marekani iliuzwa dola 59.99. Mzigo ulikuwa mchache, ukaisha upesi, na walanguzi waliowahi foleni wakaziuza mtandaoni kwa zaidi ya dola 200. Mzazi aliyetaka kumwonyesha mwanawe gemu za utoto wake ndiye aliyeumia. Sioni namna ya kuitetea biashara hiyo.

Aprili 2017 Nintendo ikatangaza kwamba haitapeleka tena mashine hizo Amerika Kaskazini. Zilikuwa zimeuzwa takriban milioni 2.3 duniani. Kwa mlanguzi hesabu ikawa nyepesi: hazitengenezwi tena, basi zilizopo zitapanda bei kila mwaka. Lakini kalibu zilikuwa zingali kwa Nintendo. Miezi mitano tu baadaye kampuni ikasema mashine itarudi, na tarehe 29 Juni 2018 ikawa madukani kwa bei ileile ya mwanzo. Mwezi huo hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kwa wingi zaidi Marekani. Aliyejaza stoo yake kwa bei ya kilanguzi alikuwa amenunua uhaba ambao hakuwa na mamlaka nao.

Si kila toleo dogo ni hila. Kuchapa gemu kwenye diski au kaseti kuna gharama zinazolipwa kabla nakala ya kwanza haijauzwa: leseni, ukaguzi, jalada, oda ya chini inayokubaliwa na kiwanda. Ukizidisha, hasara inalala ghalani. Kampuni ya Limited Run Games ya Marekani ilipoanza mwaka 2015 ilitoa nakala 1,500 tu za Breach & Clear kwa PlayStation Vita, mashine ambayo wakati huo soko lake lilikuwa limekwisha kusinyaa. Idadi hiyo ilitokana na ukubwa wa soko, na bila watu wa namna hii gemu nyingi ndogo zingebaki za kupakua tu, zikitegemea seva ya mtu mwingine. Nawashukuru kwa hilo.

Baadaye kampuni hiyo ikaanza, kwa matoleo yake mengi, kufungua oda kwa wiki kadhaa, kisha kuzalisha kulingana na oda zilizolipiwa. Mtengenezaji hapo ametulia, fedha imetangulia mzigo. Mlanguzi ndiye anayepaswa kujiuliza. Kila nakala anayoagiza ili aje kuiuza inaongeza idadi ya nakala duniani, na kila shabiki aliyeitaka kweli alikuwa na wiki hizohizo za kuagiza yake kwa bei ya kawaida. Siku mzigo unapofika, nakala zake zinaingia sokoni pamoja na za walanguzi wenzake, na wengi wa wanunuzi aliowategemea tayari wanacheza.