Siri na Mlinzi Wake

Katika vitu vyote ambavyo mwanadamu huvitunza, siri ndiyo nyepesi kuliko vyote kupotea, na ndiyo nzito kuliko vyote kurejeshwa. Ng'ombe aliyeibwa Shinyanga aweza kufuatwa kwa nyayo zake hadi zizi alimofichwa. Dhahabu iliyoporwa Geita yaweza kukamatwa mizanini. Lakini siri iliyotoka haina nyayo wala uzito. Haiondoki mahali ilipokuwa, ila huongezeka mahali ambapo haikustahili kuwa. Kwa sababu hiyo mwenyewe hukawia kujua kwamba ameibiwa, na ajuapo hana cha kudai arudishiwe, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamagasa wanalijua jambo hili kwa upande mmoja. Mtu aliyeona dalili njema ndani ya duara lake hapigi ngoma. Hulifunga jiwe katika kitambaa, hupunguza maneno, na huchagua wa kumwambia, kwa kuwa habari ya mwamba mzuri huvuta watu kama sukari ivutavyo chungu. Lakini mtu huyo huyo, afikapo kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu mjini Katoro, hutaja namba yake ya siri kwa sauti mbele ya watu kumi, humwachia kijana asiyemjua kitambulisho chake, na hubonyeza kidole popote aambiwapo abonyeze. Jiwe amelifunga kitambaani. Nafsi yake ameianika juani.

Swali linalozuka ni hili: ulinzi wa siri ya namna hiyo ni wajibu wa nani? Watu hujibu kwa njia mbili. Wa kwanza husema kwamba kila mtu ni mlinzi wa chake, na asiyefunga mlango asimlaumu mwizi. Wa pili husema kwamba mtu mdogo hana nguvu mbele ya makampuni na dola. Kwa hiyo ulinzi ni kazi ya sheria, na mwananchi aachwe aishi maisha yake. Kila jibu lina kweli ndani yake. Lakini majibu yote mawili yana kosa moja, nalo ni kudhani kwamba siri ya mtu ni mali ya mtu mmoja.

Ubovu wa dhana hiyo huonekana katika jambo dogo la kila siku. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, zikilinganishwa na kumbukumbu za vitambulisho vya taifa. Na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zilianza kuzimwa. Nia ilikuwa njema: kila namba iwe na mwenyewe anayejulikana. Kazi yenyewe ilifanyika madukani na chini ya miavuli ya barabarani, na hapo hila ikapata mlango. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakikusomeka, abonyeze tena. Kidole cha kwanza kimesajili laini ya mteja; cha pili husajili laini nyingine kwa jina lile lile, ambayo mteja haijui wala hataiona. Laini hiyo huuzwa kwa mtu anayeihitaji kwa kazi mbaya. Kisha siku moja, mbali na Geita, mama mmoja hupokea ujumbe ambao Watanzania wengi wameuzoea, wa kumwambia kwamba ile hela aitume kwenye namba hii. Ikiwa saa ile alikuwa akijiandaa kumtumia mwanawe ada ya shule, hutuma bila kusita. Jina linalobaki katika kumbukumbu si la mwizi, bali ni la mchimbaji wa Katoro, ambaye wakati ule yumo ndani ya duara lake akipasua mwamba kwa jasho la halali.

Ni kidole cha nani kilichomwibia mama yule? Mchimbaji hakuiba, wala hakukusudia kuiba. Hata hivyo, wizi usingelipata njia hiyo bila kidole chake. Alidhani kwamba anachokitoa ni chake, na kwamba hasara ikija itakuwa yake. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya watu wengi, na ufunguo alioutoa ulifungua chumba cha mtu asiyemfahamu.

Waswahili husema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hiyo husemwa kwa kawaida juu ya mtu wa ndani ambaye peke yake anajua yaliyofichika. Katika zama hizi kata hiyo ni simu. Ndani yake mna namba za ndugu, picha za watoto wa jirani, barua za mpenzi, deni la rafiki, ugonjwa wa mzazi, na maneno yaliyosemwa usiku kwa kuaminiana. Mwenye simu ameyakusanya hayo yote pasipo kuomba ruhusa kwa kila mmoja, na kwa kuyakusanya amekuwa mtunza amana. Anayeiacha simu yake bila nywila, au anayeiruhusu programu isiyojulikana isome majina yote yaliyomo, hatoi cha kwake tu. Hutoa amana za watu.

Wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipoandika mwaka 1890 juu ya haki ya faragha, walikuwa wakizitazama kamera za haraka na magazeti yaliyopenda mambo ya nyumbani kwa watu. Walitetea haki ya mtu kuachwa peke yake. Hoja yao ilikuwa ya heshima, na ulimwengu umefaidika nayo. Lakini mtu aliye peke yake ni vigumu kumwona katika mtandao wa leo. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba watu wapatao 270,000 waliokubali kujibu maswali ya programu moja katika Facebook walikuwa wamefungua njia ya kuchukuliwa taarifa za watu wanaofikia milioni 87, wengi wao wakiwa marafiki ambao hawakuulizwa neno. Taarifa hizo ziliifikia kampuni ya Cambridge Analytica kwa kazi za siasa. Mmoja alifungua mlango, na mamia wakaingiliwa.

Hapo ndipo msemo wa watu wengi, kwamba sina cha kuficha, unapopoteza nguvu. Huenda msemaji hana cha kuficha, lakini mwenzake anacho. Na cha mwenzake chaweza kuwa uhai. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa kwa imani potofu kwamba viungo vyao huleta utajiri, na wachimbaji wa madini ni miongoni mwa waliodanganywa na waganga wa uongo. Mwezi Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua kijana wa namna hiyo wa Bukombe, wilaya ambayo sasa ni ya Mkoa wa Geita. Watoto wengi walipelekwa mbali na makwao ili wapate hifadhi, wengine katika kituo cha Buhangija mjini Shinyanga. Basi mtu mwema akimpiga mtoto wa namna hiyo picha kwa mapenzi, akaituma katika kikundi cha WhatsApp pamoja na jina la kijiji na njia ya kwenda shuleni, hana ubaya moyoni. Lakini picha haichagui macho ya kuitazama. Mapenzi yake yamemwelekeza muuaji asiyemjua.

Je, yafuata kwamba kila aliyepatwa na hasara alaumiwe? La. Wajibu na lawama ni vitu viwili, na kuvichanganya ni dhuluma. Wajibu hutazama mbele na kuuliza lipi lifanyike. Lawama hutazama nyuma na kuuliza nani alitenda. Mwizi ndiye aliyeiba, hata kama mlango ulikuwa wazi. Kumwambia aliyeibiwa kwamba alijitakia ni kumpunguzia mwizi mzigo na kumtwika aliyeumia.

Tena wajibu haulingani kwa watu wote. Bibi kizee wa Kishapu ambaye hakubahatika kusoma hufika kwa wakala kuchukua fedha alizotumiwa na mwanawe. Kijana humwamkia kwa adabu, kisha humwambia, "Mayu, nitajie namba yako ya siri nikutolee." Naye hujibu kwa upole, "Ni mwaka aliozaliwa kaka yako, mwanangu." Kwa jibu hilo ametoa ufunguo wake na historia ya nyumba yake kwa pamoja. Nani atathubutu kumwita mzembe? Uwezo wa kulinda umempungukia, na pale unapompungukia mwenye siri, wajibu humhamia aliyeipokea. Kijana mwenye haki angemgeuzia simu, akamwonyesha tarakimu moja moja, na kutazama pembeni. Ukubwa wa wajibu hufuata ukubwa wa uwezo; na ikiwa ndivyo kwa kijana wa kibandani, ni zaidi kwa kampuni yenye kumbukumbu za mamilioni, na ni zaidi ya hapo kwa dola iliyovidai vidole vya raia wake.

Sheria imelikiri jambo hilo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano hutoa hifadhi kwa maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huwabana wanaokusanya taarifa za watu na kuweka Tume ya kuwasimamia. Lakini sheria ni kama kisima: haimfuati mwenye kiu. Mchimbaji aliyesajiliwa laini asiyoijua aweza kubonyeza *106# akaziona namba zilizo kwa jina lake, na aliyepokea ujumbe wa kitapeli aweza kuupeleka kwenye namba 15040. Asipofanya hivyo, hakuna hakimu atakayeota ndoto kwamba jina lake linatumika vibaya.

Watu wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa upya maana ya ulinzi wa namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda Sungusungu. Mwano ulipolia usiku, kila kaya ilitoa mtu: mwenye zizi lililojaa na asiye na ndama mmoja. Asiyetoka alitozwa faini, hata kama ng'ombe walioibwa hawakuwa wake. Ni kweli pia kwamba ulinzi huo ulivuka mipaka mara nyingine, ukawahukumu wazee kwa uchawi pasipo ushahidi; na hilo hufundisha kwamba mlinzi naye hulindwa asije akawa mwizi wa haki. Lakini kiini chake kilikuwa sahihi: njia anayopita mwizi kwa jirani ndiyo atakayopita kwa mwenye kulala.

Siri ya leo yataka moyo ule ule. Anayeficha namba yake kwa kiganja, anayekataa kubonyeza kidole mara ya pili pasipo kuelezwa sababu, anayeomba idhini kabla ya kutuma picha ya mwingine, hafanyi hivyo kwa woga wala kwa ubahili. Ameitika mwano wa watu ambao hatawajua kamwe, naye ana haki ya kutazamia kwamba, usiku wa zamu yao, wataitika wa kwake.