Kiungo na Shimo

Kiswahili kimelitwisha neno "kiungo" kazi nyingi. Kiungo ni goti na kiwiko, mahali mfupa unapokutana na mfupa. Kiungo ni bizari, hiliki na mdalasini, vitu ambavyo mlaji havioni sahanini, lakini vikikosekana huuliza chakula hiki kimepikwa na nani. Na tangu mpira wa miguu ulipoingia katika lugha, kiungo ni yule mchezaji wa kati ambaye mpira humfikia ukitoka nyuma na humwacha ukienda mbele. Wapenzi wa tungo watamwelewa upesi wakimfananisha na kina cha kati. Sikio hungojea kina cha mwisho na kukishangilia. Kile cha kati hupita kimya, na hutambulikana siku mshairi anapokiharibu.

Hesabu ya mshambuliaji ni nyepesi. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao 17 katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, na ufungaji bora ukaenda Geita, mji ambao dhahabu si ngeni kwake. Waliompikia mipira ile hawana daftari la namna hiyo. Hilo peke yake si dhuluma, kwani kila kazi ina sehemu yake ya kutoonekana. Dhuluma, kama ipo, huanzia pengine, pale kazi inapokwisha. Mtu aliyekuwa kiungo, akisha kutumika, anadai au anadaiwa?

Swali hili huulizika vizuri zaidi Shinyanga na Geita kuliko visiwani. Mkarafuu huchumwa, ukapumzika, ukazaa tena. Bahari huvuliwa leo na kesho ikatoa. Mtu wa pwani amelelewa na riziki inayorudi. Dhahabu hairudi. Ile ya Geita iligunduliwa mwaka 1898, enzi ya utawala wa Wajerumani. Mgodi wa zamani ukafanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, ukalala, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, kisha Buzwagi mwaka 2009. Almasi ya Mwadui ilikwisha tangulia, tangu John Williamson alipoigundua mwaka 1940. Na katikati ya migodi hiyo mikubwa yako maduara ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu na Rwamgasa na kwingineko, ambako mtu hushuka kwa kamba baina ya matimba, jiwe likapandishwa, likasagwa kwenye karasha, na unga wake ukaoshwa kwa maji na zebaki. Kila mmoja huko anajua kwamba mwamba una mwisho. Asichokijua ni siku.

Mpira wa huko nao umekulia kando ya shimo. Mwadui iliyocheza Ligi Kuu tangu msimu wa 2015/16 hadi iliposhuka mwaka 2021 ilikuwa timu ya mgodi wa almasi. Geita Gold, iliyopanda mwaka 2021 na kushuka mwaka 2024, hata jina lake halihitaji maelezo. Stand United ndiyo yenye nasaba tofauti, kwani ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, wapiga debe na wenzao, na mashabiki wakaiita Chama la Wana. Lakini hata hiyo, ilipofika Ligi Kuu mwaka 2014, haikukawia kuegemea fedha za dhahabu.

Sheria za Tanzania zinalijua jambo la kwisha. Mwenye mgodi mkubwa hutakiwa awe na mpango wa kuufunga, tena aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kuirekebisha ardhi. Buzwagi, wilayani Kahama, ulipoacha kuzalisha mwaka 2021, mazungumzo yaliyofuata yalikuwa juu ya kilichobaki: ardhi itarudishwaje katika hali yake, na eneo litageuzwaje kuwa la viwanda. Mtu aweza kusema kwamba mpango ulioandikwa si mpango uliotekelezwa, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Hata hivyo ndani ya sheria hiyo mna wazo la kimaadili lisilo dogo, kwamba bei ya dhahabu haikulipia shimo. Aliyenunua dhahabu amelipa dhahabu. Shimo ni deni jingine, na mdaiwa wake ni yule aliyechimba.

Mguu wa mchezaji nao ni mgodi. Una akiba yenye kikomo, huchimbwa kwa haraka wakati bei iko juu, na huachwa ukiwa na shimo. Kwa huo hakuna sheria ya ufungaji wala dhamana.

Mfano ulio wazi kupita yote unatoka mbali, Ujerumani. Sebastian Deisler alizaliwa mwaka 1980 katika mji wa Lörrach, akaenda Borussia Mönchengladbach akingali kijana mdogo, na mwaka 1998 akaingia katika ligi kuu ya nchi yake. Alikuwa kiungo wa namna ambayo Wajerumani wa miaka ile walikuwa wameikosa, mwenye krosi za kupimwa na uwezo wa kuona nafasi kabla haijafunguka. Timu ya taifa ilipotolewa kwa aibu katika Kombe la Ulaya la mwaka 2000, tena ikiwa ya mwisho katika kundi lake, macho yakamgeukia yeye. Alikuwa na umri wa miaka 20, na nchi nzima ilikwisha mpa kazi ya kuiokoa.

Goti halikuambiwa habari hizo. Liliumia Mönchengladbach, likaumia alipokuwa Hertha ya Berlin, likapasuliwa mara kadhaa. Mwaka 2001 zikavuja habari kwamba Bayern München ilikwisha mlipa marki milioni 20 kabla hajaiacha Hertha, na mashabiki waliomwimba wakamzomea. Mei 2002, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Austria, goti likamnyima Kombe la Dunia. Novemba 2003, akiwa Bayern, akalazwa kwa maradhi ya sonona. Wakati huo maradhi hayo yalikuwa hayatajwi katika vyumba vya wachezaji, mahali ambapo mtu huruhusiwa kuvunjika mguu na hakuruhusiwi kuvunjika kitu kingine. Alirudi uwanjani, akaumia tena Machi 2006, akalikosa Kombe la Dunia lililochezwa nyumbani kwao. Januari 2007, akiwa na miaka 27 na mechi 36 za timu ya taifa, alitangaza kwamba anaacha mpira. Mkataba wake ulikuwa bado una miaka mbele yake, na klabu haikumlazimisha. Ilimwachia mlango wazi kwa siku atakayotaka kurudi. Hakurudi.

Hapa mpinzani atainuka, na hoja yake si ya kubezwa. Atasema kwamba Deisler alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, alitia saini kwa mkono wake, na alilipwa fedha ambazo mchimbaji wa Nyarugusu hatazishika hata akiishi maisha kumi. Kuna deni gani tena? Mwenye kuuza akapokea bei hana madai.

Lakini kisa chenyewe kinaijibu hoja. Kama malipo yangekuwa yanafukia shimo, basi mtu huyu angekuwa wa kwanza kufukiwa. Alilipwa kwa ajili ya krosi na pasi, naye akazitoa. Kilichochimbwa chini ya hizo, usingizi wake, utulivu wake, ule ujana ambao hakuupitia, havikuwamo katika mkataba, wala havikuwa na bei, kwa kuwa pande zote mbili hazikujua kwamba vinauzwa. Kijana wa miaka 18 akitia saini hajui kina cha mwamba wake. Anauza kitu asichokijua kipimo kwa mnunuzi ambaye, kwa uzoefu wa wengi waliotangulia, anakadiria vizuri zaidi yake. Mauzo ya namna hiyo, hata yakiwa halali mbele ya wakili, huacha baki.

Baki hilo si huruma, wala si mshahara wa milele. Klabu haiwezi kumlisha kila aliyeivalia jezi, na anayedai hivyo anaidai klabu iwe mama. Kinachoonekana katika kisa cha Deisler ni kitu chembamba zaidi, nacho ni uwezo wa kukoma kwa neno lako mwenyewe. Alisema basi kabla hajaambiwa basi. Magazeti yakaona msiba wa kipaji, na yumkini ulikuwa msiba. Lakini katika maisha ambayo kila mtu alikuwa na fungu lake ndani ya mguu wake, siku ile ndiyo aliyoitumia apendavyo. Na aliweza kwa sababu alikuwa na akiba, alikuwa na tabibu, na alikuwa na mwajiri ambaye, pamoja na yote, hakumwonyesha karatasi na kumwambia asome kifungu.

Shinyanga kukoma hutoka kwa wengine. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu na Buzwagi, iliidhamini Stand United. Timu ya wapiga debe ikapata kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba, na ikaanza kutajwa kwa adabu. Haukupita muda klabu ikagawanyika, upande mmoja wanachama, upande wa pili kampuni iliyoundwa kuiendesha, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye Stand United. Mwaka 2016 mdhamini akajitoa. Si haki kumtupia yeye lawama yote. Mdhamini si baba, na nyumba inayogombana mbele ya mgeni isimlaumu mgeni akiaga. Lakini katika ugomvi ule, uliohusu nani mwenye klabu, mchezaji hakuwa upande wowote. Alikuwa ndicho kitu kinachogombewa. Mwaka 2019 timu ikashuka daraja.

Miongoni mwa waliovaa jezi ile mwaka 2015 alikuwamo Amri Kiemba, kiungo aliyekwisha pita Simba na Azam. Miaka miwili nyuma, Juni 2013, jijini Dar es Salaam, alikuwa ameifungia Taifa Stars bao la mapema kabisa dhidi ya Ivory Coast ya Yaya Touré, katika kuwania Kombe la Dunia la 2014. Mechi iliishia 4–2 kwa wageni, lakini kwa dakika kadhaa uwanja mzima uliamini. Mchezaji wa namna hiyo akitoka klabu za Dar es Salaam kwenda mikoani, watu husema ameshuka. Geita wanalo neno ambalo lingewafundisha adabu. Mawe ambayo mgodi mkubwa umeyatupa kwa kuwa hayaulipi huitwa magwangala, na wananchi wameyadai kwa miaka, wakitaka wapewe wayasage wenyewe, kwa sababu wanajua kwamba kilichotupwa na mwenye mitambo mikubwa hakikutupwa kwa kukosa dhahabu. Kilitupwa kwa kukosa faida, na hayo ni mambo mawili.

Kiemba mwenyewe alipata njia. Akawa mchambuzi wa mpira, na wasikilizaji wa redio wakagundua kwamba jicho la kiungo haliumii pamoja na goti. Ni kazi inayomstahili. Aliyezoea kuona uwanja mzima akiwa amezungukwa na watu wanne hashindwi kuueleza akiwa ameketi kitini. Ila redio hazina viti vya wote.

Wapo waliocheza kandokando ya watu kama yeye katika Uwanja wa Kambarage, ambao majina yao hayakufika Taifa Stars wala Dar es Salaam. Hao mkataba uliwaisha mwisho wa msimu, bila mkutano na waandishi, bila mlango ulioachwa wazi. Wengine wamerudi stendi ambako timu ilizaliwa, na asubuhi huita abiria wa Kahama na Mwanza kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiitia mpira. Goti huuma wakati wa mvua. Abiria mwenye kumbukumbu akimtambua mmoja wao na kumuuliza alikuwa akicheza nafasi gani, hujibu kwa neno moja, lile lile la mfupa na la bizari, kisha hupokea mzigo na kuupandisha juu ya basi.