Mwalimu wa Mazoezi Msikilize Anavyouliza

Mwanangu, nimesikia unatafuta mwalimu wa mazoezi. Nimefurahi, maana mwili ni amana, na anayeutunza angali kijana hujipunguzia mengi uzeeni. Lakini kabla hujatoa pesa yako, nisikilize. Mtu unayemkabidhi mwili wako anaweza kuujenga, na anaweza kukuachia goti bovu la maisha.

Anza na nafsi yako. Unataka nini hasa? Kupunguza uzito, kujenga misuli, kukimbia nusu marathoni kule Kilimanjaro, au kurudisha nguvu baada ya kujifungua? Kila lengo lina mtaalamu wake; anayejua kumwandaa mkimbiaji huenda asijue kumsaidia mwenye maumivu ya mgongo. Na kama unatafuta afya tu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kutembea kwa kasi kumo. Pengine utaona kwamba mwalimu wa kukuelekeza mwezi mmoja anakutosha.

Ukishajua lengo, nenda ukaonane na mwalimu, na usihadaike na kifua chake. Vijana wengi hunaswa hapo: wakiona misuli na picha za Instagram, wanadhani wameona ujuzi. Mwili wa mtu unaonyesha alichojifanyia yeye, tena kwa msaada wa maumbile aliyorithi. Hauonyeshi anachoweza kumfanyia mwingine. Chukua mfano wa Bruda Colm O'Connell. Alitoka Ireland mwaka 1976 kwenda kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten, nchini Kenya. Hakuwa mwanariadha. Aliwatazama vijana wakikimbia, akawasikiliza, akajifunza kwao mwaka hadi mwaka. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kuweka rekodi ya dunia.

Sisemi cheti hakina maana. Siku hizi mafunzo yapo, kwa hiyo muulize alisomea wapi, na kama anajua huduma ya kwanza. Lakini cheti kikishaonekana, sikiliza maswali yake. Mwalimu wa kweli hakupi chuma kabla hajakuuliza: Una presha? Kisukari? Pumu? Uliwahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji? Kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo wenu? Kazi yako ni ya kukaa au ya kusimama? Unalala vipi, unakula nini? Majibu yako yakimtia shaka, atakutuma kwa daktari kwanza. Kisha atakutazama ukichuchumaa na kuinuka bila uzito wowote, na atayaandika aliyoyaona. Anayekubebesha vyuma siku ya kwanza bila kukuuliza lolote, muage kwa heshima uondoke.

Jihadhari na ahadi. Atakayekwambia atakuondolea kitambi peke yake kwa mazoezi ya tumbo anakudanganya; mafuta hupungua mwili mzima, wala huwezi kuuchagulia mwili uanzie wapi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo wa salama kwa watu wengi. Anayekunong'oneza habari za sindano au vidonge vya kukuza misuli, mkimbie. Dawa za aina hiyo huumiza moyo na ini, na zinaweza kukunyima watoto.

Tena ujue kutofautisha maumivu. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Kiungo kuchoma, kifua kubana au kizunguzungu ni amri ya kusimama, na mwalimu anayekwambia uvumilie tu hakufai. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, wahi hospitali. Misuli iliyoharibika inaweza kudhuru figo.

Adabu nayo itazame. Anayetaka kukushika ili akurekebishe mkao hukueleza kwanza na kukuomba ruhusa. Wewe binti, na wewe kijana wa kiume pia, msione haya kusema hapana.

Kuhusu malipo, usilipe miezi mingi kwa mkupuo. Omba siku ya majaribio, kisha zungumza na watu wanaofanana nawe aliowafundisha: umri wenu mmoja, lengo lenu moja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwisho, muulize swali hili: "Mwalimu, baada ya miezi mitatu nitakuwa najua kufanya nini mwenyewe?" Aliye mwalimu atakutajia: kupasha mwili joto, kushika mkao sahihi, kujua lini uongeze uzito na lini upumzike. Anayetaka umtegemee daima hatakuwa na jibu. Ukimpata mwenye jibu, mlipe haki yake, fika kwa wakati, mweleze ukweli kuhusu unachokula na unapoumwa, na ufuate maelekezo yake. Kazi iliyobaki ni yako, maana hata mwalimu bora hawezi kukufanyia mazoezi.